Kutoka Nairobi hadi Rombo: tunaipima huduma ya kumrudisha nyumbani aliyesafirishwa kiharamu

Binti anayechukuliwa Rombo, mkoani Kilimanjaro, kwa ahadi ya kazi ya saluni Nairobi, akaishia kufungiwa kwenye nyumba ya watu bila mshahara, hupita mikono isiyopungua sita kabla ya kulala tena kwao. Kuna polisi wa Kenya, daktari, ofisa wa watoto au wa ustawi wa huko, ubalozi wetu wa Tanzania, uhamiaji wa mpakani, na ofisa ustawi wa jamii wa halmashauri yake. Kila mkono una sheria yake, fomu yake na mkubwa wake wa kazi. Hapa tunaupima mnyororo wote kama huduma moja, kwa jicho la yule anayeihitaji: inapatikana, inawahi, na inamfikisha nyumbani kweli au inamtupa njiani?

Kwa ufupi, simu ni nzuri, majengo ya mpakani ni mazuri, na sheria za nchi zina meno kuliko watu wanavyodhani. Panapovuja ni kwenye makabidhiano, zile dakika chache ambapo upande mmoja unamwachia na mwingine unampokea. Hapo ndipo tutakaa zaidi, kwa sababu hapo ndipo watu wanapotea wakiwa tayari wameshaokolewa.

Simu

Kwa mtoto, namba ni 116. Ni bure, na ni namba ile ile Tanzania, Kenya na Uganda. Hili ni jambo dogo lenye faida kubwa: konda wa basi la Arusha kwenda Nairobi hana haja ya kukariri namba ya kila nchi. Kwa mtu mzima ni polisi, 112, au kwenda moja kwa moja Dawati la Jinsia na Watoto kwenye kituo cha polisi. Ukiwa Kenya na jambo ni ukatili wa kijinsia, kuna 1195.

Ubora wa msaada unategemea sana ulichosema. Anayepiga na kusema "kuna watoto wanasafirishwa" anampa mpokeaji kazi ya kukisia. Anayesema "basi hili, namba hizi za gari, limetoka stendi ya Arusha saa mbili asubuhi, viti vya nyuma, wasichana wanne na mwanamke mmoja mwenye kilemba cha kijani, kituo kinachofuata ni Longido" amempa polisi kitu cha kushika. Taja umri unaoukadiria hata kama huna hakika. Msichana wa miaka 17 mara nyingi ameshafundishwa kusema ana 20, kwa hiyo ukiwa na shaka mhesabu kuwa ni mtoto, upige 116. Usimkabili aliyewasindikiza. Akishtuka atabadili njia, na simu ulizopiga zitakuwa zimemsaka mtu asiyekuwepo tena.

Tahadhari moja kwa walioko Namanga au Holili: kabla ya kupiga, tazama simu imeshika mtandao wa nchi gani. Karibu na mpaka simu huhamia mnara wa upande wa pili bila kukuuliza, na namba fupi huenda isikupeleke unakodhani. Chagua mtandao wa nyumbani kwa mkono, ndipo upige.

Dalili za kwenye basi hazihitaji utaalamu. Mtu mzima mmoja anakata tiketi za wasichana ambao wao kwa wao hawajuani majina. Simu zao na vitambulisho vyao anavishika yeye. Ukimuuliza mmoja anakwenda wapi, anamtazama mwenyeji wake kwanza. Kisha, kilomita chache kabla ya Namanga, wanashushwa, wanapakiwa kwenye bodaboda na kupitishwa njia za panya, na gari linawakuta mbele, upande wa Kenya, wamesimama kando ya lami wakisubiri. Abiria anayeshuka kabla ya mpaka na kupanda tena baada ya mpaka ndiye dalili nzito kuliko zote, na konda ndiye wa kwanza kuiona. Kampuni ya mabasi inayotaka kufanya jambo moja tu la maana, iwaamuru makonda wake wahesabu vichwa pande zote mbili na kuripoti tofauti.

Jengo la mpakani

Namanga, kama kilomita 110 kutoka Arusha mjini, ilizinduliwa rasmi kuwa kituo cha pamoja Desemba 2018. Holili na Taveta walitangulia mwaka 2016. Utaratibu wake unafaa kueleweka vizuri na yeyote anayemsindikiza manusura. Anayetoka Tanzania hasimami upande wetu: anakwenda jengo la Kenya, ambako ofisa wa Tanzania anamgongea kutoka na wa Kenya anamgongea kuingia. Anayerudi ni kinyume chake, yote mawili yanafanyika kwenye jengo letu. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 kuhusu vituo hivi ndiyo inayompa ofisa wa Kenya mamlaka ya kufanya kazi yake akiwa ndani ya ardhi ya Tanzania.

Maana yake kwa binti wetu ni kwamba makabidhiano yafanyike ndani ya jengo la Tanzania, msindikizaji wa Kenya na ofisa ustawi wa Tanzania wakiwa chumba kimoja. Hakuna sababu ya kumwacha getini na kumwambia avuke, atakuta watu. Hata hivyo kosa hili ni jepesi kufanyika, hasa gari likichelewa kutoka Nairobi na kufika jioni, wakati wa ustawi ameshaondoka na aliyebaki zamu ni uhamiaji peke yake. Dawa ni kupanga safari ili ifike mpakani kabla ya saa nane mchana. Namanga hadi Nairobi ni mwendo wa saa tatu hadi nne kwa gari, kwa hiyo waondoke alfajiri. Ikishindikana, alale Nairobi usiku mmoja zaidi. Usiku mmoja wa kusubiri mahali salama ni bora kuliko saa mbili za kusubiri kwenye benchi la mpakani, palipojaa vishoka.

Kwa wa Rombo na Moshi, Holili ni karibu kuliko Namanga, lakini tunashauri wasindikizaji wasichague kwa umbali tu. Mpaka wa Rombo ni mashamba na njia za miguu, majirani wanavuka kwenda gulioni Taveta kila wiki, na mara nyingi aliyemsafirisha binti anajulikana pale na anajua watu pale. Ikiwa wakala ni mtu wa kijiji cha jirani, apitishwe Namanga hata kama ni mzunguko.

Makabidhiano

Tuchukue jambo moja tulione kwa karibu: dawa za kuzuia maambukizi ya VVU kwa aliyebakwa. Zinaanzwa ndani ya saa 72, haraka iwezekanavyo, na zinamezwa siku 28 bila kukatiza. Binti ameanzishiwa Nairobi. Anavuka mpaka akiwa amemeza dozi ya siku ya tisa. Zimebaki siku 19. Kama msindikizaji amepewa vidonge vya siku tatu "vya njiani" na hakuna aliyeandika jina la dawa, siku ya 12 anakuwa Mkuu au Tarakea, nyumbani, mbele ya mama na shangazi, na anatakiwa ajieleze upya kwenye zahanati ili apate kilichobaki. Wengi hawatajieleza, na dozi inakatikia hapo. Hakuna aliyekusudia ubaya: daktari wa Nairobi alifanya kazi yake, na wa zahanati hakuambiwa kitu.

Suluhisho ni rahisi na halingojei mkutano wa mawaziri. Apewe dozi yote iliyobaki, siku 19 kamili, kwenye chupa yake. Barua ya daktari itaje jina la dawa, tarehe aliyoanza, siku aliyofikia na tarehe ya vipimo vya marudio. Kabla hajavuka, simu ipigwe hospitali ya Mawenzi au KCMC kama anakwenda Kilimanjaro, au Mount Meru kama anabaki Arusha, ajulikane anapokelewa na nani na siku gani.

Dawa ni kipengele kimoja tu. Karatasi ya makabidhiano tunayoipendekeza ni ukurasa mmoja, nakala tatu, wenye mambo haya. Umri, na ulijulikanaje: cheti cha kuzaliwa, kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo au makadirio ya daktari. Namba ya OB, yaani ya taarifa iliyoandikwa kwenye kitabu cha polisi wa Kenya, na, ikishafunguliwa huku, namba ya RB, yaani ya taarifa kwa polisi wetu. Nakala ya fomu ya P3 ya Kenya, ile ya polisi ambayo daktari huandika majeraha, maana P3 yao na PF3 yetu ni karatasi mbili tofauti na ya huku haifuti ya kule. Alama za mwili zilizoonwa Nairobi siku ya kwanza haziwezi kuandikwa upya Moshi wiki tatu baadaye. Aina ya hati ya safari aliyotumia, kwa kawaida hati ya dharura iliyotolewa na ubalozi. Mshahara anaodai: aliahidiwa kiasi gani, alifanya kazi miezi mingapi, alilipwa nini. Na mstari ambao fomu nyingi hazina: majina ya watu wasioruhusiwa kujua kwamba amerudi.

Mstari huo wa mwisho unaokoa maisha. Aliyemtoa kijijini mara nyingi ni ndugu au rafiki wa familia. Ofisa mwenye nia njema, anayetaka "kumpeleka kwa mlezi wa karibu", anaweza kumpigia simu shangazi yule yule aliyepokea pesa. Ndiyo sababu familia ichunguzwe kabla ya safari, si baada yake. Ofisa ustawi wa kata afike nyumbani bila kutaja kilichotokea, aone nani anaishi pale, nani anatunza pesa, na nani anauliza maswali mengi kuliko mama mzazi.

Kuhusu maelezo: yachukuliwe mara moja, na mtu aliyefunzwa, kwa lugha anayoiota. Kinachochosha na kuvunja manusura ni kusimulia upya kwa polisi, daktari, ubalozi, uhamiaji, ustawi na mtu wa shirika. Tena ushahidi unaharibika, kwa sababu mtu aliyeumia husimulia kwa mpangilio tofauti kila mara, na wakili wa utetezi atazipanga simulizi hizo sita mezani na kusema anaongopa.

Kwenye mkono wa kupokea kuwe na mfuko tayari: nguo mbili za kubadilisha, doti ya kanga, ndala, chupi mpya tatu, pakiti mbili za pedi, sabuni, mswaki, na simu ya kitochi yenye laini mpya na vocha. Aliyefungiwa miezi minane bila simu atajua ameachiwa huru atakapompigia mama yake mwenyewe. Asipigwe picha na asisimamishwe mbele ya kamera, hata kwa nia ya kuonyesha mafanikio ya kazi.

Ushahidi na kesi

Simu yake ya zamani, kama ipo, ni mali ya kesi. Iwekwe kwenye bahasha, ifungwe, iandikwe tarehe, jina la aliyeipokea na namba ya IMEI, yaani namba ya utambulisho wa kifaa, ambayo inaonekana ukibonyeza *#06#. Picha ya skrini inasaidia uchunguzi, lakini mahakamani kinachotafutwa ni kifaa chenyewe na mtu atakayeeleza kilitoka wapi. Meseji ya nauli iliyotumwa kwa simu ina thamani kubwa kuliko maneno mengi: ina jina la mtumaji, saa, kiasi na namba ya muamala, na kampuni ya simu inaweza kutoa taarifa ya miamala kwa amri halali. Asiifute.

Kosa linaloua kesi nyingi hufanyika siku ya kwanza: kumwandikia manusura kosa la uhamiaji, au kuchanganya usafirishaji haramu wa binadamu na magendo ya wahamiaji. Aliyevushwa kwa magendo amelipa avushwe, na biashara yao inaishia mpakani. Aliyesafirishwa kiharamu, kwake mpaka ni mwanzo tu. Itifaki ya Palermo ya mwaka 2000, mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu usafirishaji haramu wa binadamu, inatazama mambo matatu: kitendo (kumtafuta, kumsafirisha, kumpokea), njia (nguvu, udanganyifu, kutumia unyonge wake) na lengo, yaani kumnyonya. Kwa aliye chini ya miaka 18, njia haihitaji kuthibitishwa. Kwa hiyo kithibitisho cha umri kinaweza kuwa na uzito kuliko mashahidi watatu, na safari ya kwenda kutafuta kadi ya kliniki kijijini isionekane kupoteza muda. Utetezi wa "alikubali mwenyewe" hauna nguvu kwa mtoto, na kwa mtu mzima unaanguka pale udanganyifu unapoonekana.

Sheria za pande mbili zinatosha kuanzia kazi. Kwetu kuna sheria ya 2008 ya kuzuia usafirishaji haramu wa binadamu, na marekebisho ya 2022 yaliziba mwanya wa kulipa faini ili kukwepa jela. Kenya wana sheria ya 2010, yenye adhabu ya kifungo kisichopungua miaka 30 au faini isiyopungua shilingi milioni 30 za Kenya, au vyote viwili. Sheria hiyo pia inamkinga manusura asishtakiwe kwa kuwepo Kenya bila kibali kama kuwepo kwake kulitokana na kusafirishwa. Wasindikizaji wakijue kifungu hicho, wakitaje kituoni kwa heshima, kabla binti hajawekwa mahabusu.

Nani ashtakiwe wapi? Wakala wa Rombo ashtakiwe Kilimanjaro, mwenye nyumba ashtakiwe Nairobi. Kujaribu kuwaleta wote mahakama moja huongeza miezi, pengine miaka. Polisi wa nchi hizi wana mtandao wao wa ushirikiano, EAPCCO, ulioanzishwa 1998 na wenye sekretarieti Nairobi, na kwa kupashana habari za haraka unafaa. Ila habari ya kipolisi si ushahidi. Kielelezo kinachotakiwa mahakamani Moshi kutoka Nairobi kinahitaji ombi rasmi la serikali kwa serikali, linalopanda ngazi zote huku na kushuka ngazi zote kule. Anayejua hivyo huanza ombi hilo wiki ya kwanza, wala hangoji tarehe ya kusikilizwa ipangwe.

Bunge la Afrika Mashariki, lenye makao yake hapa hapa Arusha, lilipitisha mwaka 2016 muswada wa Jumuiya wa kupambana na usafirishaji haramu wa binadamu. Muswada wa Jumuiya huwa sheria pale wakuu wote wa nchi wanachama wanapouridhia, na leo nchi ni nane. Tunaunga mkono sheria moja ya kanda kwa moyo wote, lakini hakuna kipengele hata kimoja kati ya tulivyotaja juu kinachohitaji kuisubiri.

Kwa Waethiopia wanaokamatwa Kilimanjaro na Arusha wakielekea kusini, huduma ni dhaifu zaidi. Ethiopia iko IGAD, jumuiya ya nchi za Pembe ya Afrika na jirani zake, na haiko Jumuiya ya Afrika Mashariki. Sisi tuko Jumuiya na SADC, ile ya nchi za kusini mwa Afrika, wala hatuko IGAD. Meza ambazo nchi zote mbili zinakaa pamoja ni chache, EAPCCO ikiwa mojawapo. Jambo la kwanza wanalolikosa ni mkalimani wa Kiamhara au Kioromo, na bila mkalimani hakuna anayeweza kujua yupi alivushwa kwa hiari na yupi ameuzwa. Kuwapanga wote mstari mmoja kama wahamiaji haramu ni kumrudishia msafirishaji mali yake.

Baada ya kufika

Nyumba salama za Arusha na Moshi zinabeba mzigo mkubwa kuliko ukubwa wake. Moshi kuna pia KWIECO, shirika lenye uzoefu mrefu wa msaada wa kisheria kwa wanawake, na wakili anayeanza kesi ya aina hii atafanya vizuri kuanzia kwa watu wa namna hiyo. Nafasi za wavulana ni chache, na za wanaume watu wazima ni chache zaidi. Kijana wa miaka 22 aliyetumikishwa machimboni ana uwezekano mkubwa wa kupewa nauli tu na kuagwa.

Ufuatiliaji ndio tunaoupa alama za chini kabisa. Nauli ya kumpeleka hupatikana, nauli ya kwenda kumtazama mwezi wa pili haipatikani, kwa sababu haikuwekwa kwenye bajeti tangu mwanzo. Panga ziara nne: wiki ya kwanza, mwezi wa kwanza, wa tatu na wa sita. Ofisa aende siku ambayo hakutangaza, aongee naye akiwa peke yake, nje ya nyumba, na aulize mambo ya kawaida: anakula nini, analala na nani, deni la nani linatajwa pale nyumbani, nani amempigia simu wiki hii. Jina la wakala likitajwa, au pesa "aliyoipoteza" ikitajwa, aondolewe siku hiyo hiyo, na namba iliyompigia iandikwe kwenye jalada la kesi.